Rangi ya kucha: Ing'aayo kichupani huenda isidumu shambani

KICHUPA cha rangi ya kucha kikiinuliwa chini ya taa ya duka huonekana kizuri kupita kiasi. Saa chache baadaye, rangi hiyo hiyo ikiwa imepakwa na kukauka, mwenye kucha hujiuliza iwapo kweli ndiyo aliyoilipia.

Kwa mwanamke wa Ekerenyo, katika kaunti ya Nyamira, swali hilo lina uzito wa aina yake. Hapa ni nyanda za juu za Gusii, mahali ambapo mikono huchuma majani chai, hupalilia migomba na kufua nguo kabla ya jua kutua. Rangi inayomfaa karani wa benki jijini Nairobi kwa wiki nzima yaweza kubanduka hapa kabla ya kapu la pili kujaa.

Msimu wa kununua vitu kama hivi unajulikana. Bonasi ya majani chai hulipwa wakulima wadogo wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA karibu na mwezi wa Oktoba, na ndipo maduka ya vipodozi na saluni za vituo vya biashara hupata wateja. Bonasi yenyewe imekuwa ikiwaliza wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa, ambao kwa miaka mingi wamelipwa kiasi cha chini kuliko wenzao wa mashariki. Kwa hivyo pesa za anasa ni chache, na kichupa kisichofaa ni hasara.

Mnunuzi huitisha 'Cutex', hata kama kichupa anachopewa kina jina jingine kabisa. Cutex ni jina la kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka wa 1911, ambayo bidhaa yake ya kwanza haikuwa rangi bali dawa ya kulainisha na kuondoa ngozi inayozunguka ukucha. Jina hilo lilienea Kenya hadi likawa la kila rangi ya kucha, jinsi Wakenya wengi wanavyoita dawa yoyote ya meno 'Colgate'.

Rangi hudanganya vipi?

Sababu ya kwanza ya rangi kubadilika ni unene. Ndani ya kichupa, jicho hutazama rangi yenye kina cha sentimita nzima. Juu ya ukucha, rangi hiyo hiyo ni utando mwembamba kuliko karatasi. Nyekundu iliyokoza kichupani hugeuka kuwa waridi iliyopauka ikipakwa mara moja, na hurejea ukali wake baada ya tabaka la pili, pengine la tatu.

Sababu ya pili ni mwanga. Balbu ya manjano huzipa nguvu nyekundu na rangi ya chungwa, nayo huzififisha buluu na zambarau. Ndiyo maana zambarau iliyochaguliwa jioni dukani huweza kuonekana ya buluu kanisani Jumapili asubuhi.

Isitoshe, kuna ngozi yenyewe. Rangi ya maziwa yenye chembe ya waridi, ambayo kwenye picha za matangazo hudaiwa kuwa 'rangi ya mwili', huwa ni rangi ya mwili wa mtu mwingine. Juu ya ngozi nyeusi hukaa kama chokaa. Wenye ngozi nyeusi wanaotaka rangi tulivu hupata afueni katika kahawia, karameli na zambarau ya mvinyo, ilhali nyeupe kabisa, manjano na chungwa huwatoka vizuri kuliko zinavyomtoka mtu mweupe.

Kwa sababu hizo, kifuniko cha kichupa hakiwezi kuaminika, wala kile kidoa kinachopakwa kwenye karatasi. Karatasi hunywa vimiminika na kuiacha rangi ikiwa imekauka bila mng'ao. Mafundi makini hupaka rangi kwenye kucha bandia au vipande vya plastiki, tabaka mbili kila kimoja, na kuvipanga ili mteja avilaze juu ya kidole chake. Mteja akitoka navyo hadi mlangoni, penye mwanga wa jua, atakuwa amefanya uchunguzi wa kutosha.

Kinachong'aa na kisichong'aa

Rangi ni nusu tu ya uamuzi. Nusu ya pili ni umaliziaji, yaani jinsi uso wa ukucha unavyorudisha mwanga.

Aina ya kawaida ni ile laini, nzito, isiyo na chembe yoyote inayoonekana. Hung'aa kama kioo kwa sababu uso wake umelala sawasawa. Ubaya wake ni kwamba haifichi kitu: ukucha wenye mistari huonekana na mistari yake, na kijisehemu kikibanduka, pengo huonekana kutoka mbali, hasa ikiwa rangi ni nyeusi au nyekundu ya damu.

Ile isiyong'aa imetiwa chembe ndogo za silika zinazoutawanya mwanga badala ya kuurudisha upande mmoja. Kwa macho, ni ya kifahari. Kwa mikono inayofanya kazi, ni mzigo. Mafuta ya kupikia na hata mafuta ya kujipaka huijaza mabaka yanayong'aa, na kwa kuwa haipakwi tabaka la juu la kinga lenye mng'ao, mara nyingi huchakaa mapema.

Rangi ya lulu hupata mng'ao wake kutokana na vipande vya madini ya maika vilivyovikwa dioksidi ya titani. Zamani mng'ao huo ulitolewa kwenye magamba ya samaki, jambo ambalo huenda likawafurahisha wavuvi wa Ziwa Viktoria kulisikia. Rangi hii huonyesha kila mpito wa brashi, hivyo mpakaji asiye na mkono mtulivu huacha mistari kama ya fagio uwanjani.

Halafu kuna vimetameta, vile vipande vya plastiki vinavyomeremeta. Wengi huviona kuwa vya watoto au vya Krismasi, lakini kwa mchumaji majani chai ndivyo vinavyostahili kutazamwa upya. Vipande hivyo hulifanya tabaka kuwa nene, na kijisehemu kikianguka, jicho halitofautishi pengo na pambo. Adhabu yake huja siku ya kuviondoa: pamba iliyoloweshwa asetoni haina budi kufungwa juu ya ukucha kwa dakika kadhaa, kwani kusugua tu hakutoshi.

Jaribio la shambani

Kuna njia rahisi ya kulinganisha aina hizi, nayo ni kupaka kila kidole aina yake na kuendelea na kazi kama kawaida. Lakini jaribio hilo lina kasoro ambayo wengi hawaifikirii. Vidole havifanyi kazi sawa. Majani mawili na chipukizi hukatwa kwa kidole gumba na cha shahada, na hivyo viwili hupoteza rangi siku ya kwanza huku kidole kidogo kikibaki kama kilivyotoka saluni. Atakayepaka vimetameta kwenye kidole kidogo na rangi laini kwenye kidole gumba atavipa vimetameta ushindi ambao havikuustahili.

Ulinganisho wa haki ni wa kidole na pacha wake: gumba la kushoto dhidi ya gumba la kulia, shahada dhidi ya shahada. Mchumaji stadi hutumia mikono yote miwili, hivyo tofauti itakayojitokeza itatokana zaidi na rangi kuliko mkono. Hata hivyo, siku ya kufua mkono mmoja husugua zaidi, na ni vyema kubadilisha pande katika duru ya pili.

Utomvu wa majani chai nao una neno. Kemikali zilizomo kwenye jani bichi hugeuka kahawia zinapokutana na hewa, na badiliko hilo hilo ndilo linaloipa chai rangi yake kiwandani. Kwenye vidole vya mchumaji, doa hilo hujikusanya kandokando ya kucha. Nyeupe na waridi nyepesi hulitangaza. Kahawia na zambarau iliyokoza hulimeza.

Kosa la kupaka tabaka moja nene ili kuokoa muda hugharimu zaidi. Rangi ya kucha hukauka kwa viyeyushi vyake kupaa hewani, na tabaka nene hukauka juu huku chini kukiwa kubichi. Tabaka mbili nyembamba, zikiachiwa dakika chache kati yake, na brashi ikipitishwa hadi kwenye ncha ya ukucha ili kuifunga, hustahimili muda mrefu. Ekerenyo ni mahali pa baridi, na mvua ya alasiri ni jambo la kawaida katika nyanda za Gusii. Baridi huchelewesha kukauka, na unyevu mwingi hewani huweza kuacha ukungu mweupe juu ya rangi. Asubuhi yenye jua ni bora kuliko jioni yenye manyunyu.

Ndani ya kichupa

Msingi wa rangi nyingi za kucha ni nitroselulosi, ambayo hutengenezwa kwa kutia pamba au nyuzi za mti asidi ya nitriki. Ni jamaa wa karibu wa kiungo cha baruti isiyotoa moshi, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia ilitumika kupaka magari rangi. Kutoka kwenye magari ilihamia kwenye kucha. Mwaka wa 1932 kampuni ya Revlon ilianzishwa Marekani, ikauza rangi nzito yenye kufunika ukucha wote badala ya zile nyepesi zilizopenyeza mwanga.

Historia hiyo ina funzo la jikoni: rangi hii na asetoni hushika moto upesi mno. Kujipaka kando ya koroboi, mshumaa au jiko la makaa ni hatari.

Mtindo wa jeli, ambao umeingia hata katika saluni za miji midogo, ni kitu tofauti. Jeli haikauki kwa hewa bali hugandishwa na taa ya mwanga wa urujuanimno. Huweza kudumu wiki mbili au zaidi, na ndiyo pekee inayoweza kushindana kwa dhati na shamba la chai. Lakini inahitaji umeme usiopotea, na kuiondoa huhitaji kuloweka kwa dakika kumi hivi au zaidi. Anayeibandua kwa meno au kisu hubandua na tabaka za ukucha wake. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo uharibifu huo humfuata mwenyewe kwa miezi kama sita.

Jambo zito zaidi ni mzio. Jeli ikigusa ngozi kabla ya kugandishwa, au taa ikiwa dhaifu, kemikali za jamii ya methakrilati huweza kuufanya mwili uikatae daima. Mtu huyo huenda baadaye akapata shida kwa daktari wa meno, kwani kemikali za jamii hiyo hutumika kuziba meno. Mnamo Septemba 2025, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku TPO, kiungo kinachosaidia baadhi ya jeli kuganda, kutokana na hofu kwamba huweza kudhuru uzazi. Mteja anayo haki ya kuuliza kilichomo kichupani, na fundi, ambaye huvuta harufu hiyo kutwa nzima, anayo haki ya dirisha lililo wazi.

Kucha na hospitali

Wahudumu wa afya hutazama kucha ili kujua iwapo damu au hewa imepungua mwilini. Aidha, kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, ambacho wengi walikifahamu wakati wa janga la Covid-19, hufanya kazi kwa kupenyeza mwanga kwenye kidole. Nyeusi, buluu na kijani zimeonekana kuvuruga kipimo hicho katika baadhi ya majaribio. Mama mjamzito anayekaribia kujifungua, au mgonjwa anayesubiri upasuaji, angefanya vyema kuacha walau vidole viwili bila rangi.

Wanawake wa Lamu na Mombasa wamekuwa na jibu lao tangu jadi. Hina haikai juu ya ukucha bali huingia ndani yake na kushikamana nao, hivyo haibanduki wala haizuii maji ya udhu. Dosari ni kwamba ina rangi moja tu, kati ya chungwa na kahawia, na haiwezi kufutwa. Hungoja ukucha ukue. Piko nyeusi ni habari nyingine, kwani baadhi hutiwa kemikali ya kupaka nywele rangi, ambayo imewachoma watu ngozi.

Rangi iliyokwisha kuwa nzito kichupani wengi huizimua kwa asetoni, nayo hulainika kwa siku moja kisha hupoteza mng'ao na kuanza kubanduka vipande vipande. Tone moja au mawili ya kizimuaji maalumu cha rangi ya kucha hufanya kazi nzuri zaidi. Kichupa chenyewe kiviringishwe kati ya viganja badala ya kutikiswa, kwa maana mtikiso huingiza mapovu, na mapovu hayo hukauka yakiwa vipele juu ya ukucha.