Malkia Hajiweki Mwenyewe

Mizinga yangu iko Pete, Unguja, ukingoni mwa msitu wa Jozani, ambako nyuki hufuata maua ya mikoko ya Ghuba ya Chwaka. Nikirudi mjini na asali, mzee mmoja wa baraza letu la Malindi hanikosi: "Mwanangu, huyo malkia anawaamrishaje maelfu wote wale?" Nami humjibu, "Babu, haamrishi kitu. Kazi yake kutaga. Amri iko kwa vibarua." Jawabu hilo halimpendezi, lakini mzinga ndivyo ulivyo.

Malkia na kibarua huanza na yai la aina moja. Siku ya tatu yai huanguliwa, na jana changa hulishwa maziwa ya nyuki, ute mweupe unaotoka kwenye tezi za kichwani mwa vibarua vijana. Baada ya siku kama tatu, majana mengine hubadilishiwa chakula, yakapewa asali na chavua. Lile lililochaguliwa huendelea kuelea katika maziwa mpaka chumba chake kizibwe kwa nta. Chakula hicho ndicho kinachomkuza malkia. Hutoka kiasi cha siku ya 16 tangu yai litagwe. Kibarua hungoja mpaka ya 21.

Chumba cha malkia huwezi kukikosea. Vingine vimelala ubavu. Hiki kinaning'inia mdomo chini, kina mikunjo, mfano wa karanga ya ganda. Mimi hutazama kwanza kipo wapi. Vyumba vya malkia vikijipanga pembezoni mwa sega, nyuki wanataka kugawanyika, na malkia wa zamani ataondoka na kundi lake. Vikiwa katikati, vimejengwa juu ya vyumba vya kawaida, basi malkia amekufa ghafla. Vibarua huipata harufu yake kwa kumlamba na kupokezana wao kwa wao. Ikikatika, saa chache tu zatosha mzinga mzima kujua. Ukiufungua utausikia unanguruma vibaya, ngurumo ya kukosa utulivu. Na malkia akizeeka, utagaji ukilegea, vibarua humlea mrithi wake naye angali hai. Hapo ndipo babu yangu wa baraza hunyamaza.

Vibarua hawalei malkia mmoja tu. Wa kwanza kutoka hulia tuuut, tuut, tuut. Walio bado ndani ya nta hujibu kwa sauti nzito ya kukatikakatika. Watu wengi hudhani wanatishana. Lakini mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nottingham Trent, Uingereza, walieleza kwamba sauti ile huwaarifu vibarua kuwa yupo malkia huru, basi waendelee kuwafungia waliobaki. Vibarua hukalia vyumba na kuvirudishia nta mfungwa anapotafuna kifuniko. Malkia huru akiondoka na kundi, kilio hukoma, na wa pili hufunguliwa. Nyuki wakiwa hawana haja ya kugawanyika tena, huwaachia malkia wamalizane: aliye huru huwachoma wenzake humo humo vyumbani.

Nyuki wetu wa mwambao, walioainishwa na F. G. Smith mwaka 1961 kwa jina la Apis mellifera litorea, ni wepesi wa kugawanyika na kuhama, kwa hiyo mambo haya huyaona kila mfugaji.

Lakini vibarua hawawezi kumlea malkia bila jana changa, lisilozidi siku tatu. Anayerina kwa mwenge, akakata masega yote na majana yake, malkia akaungua, amewaachia nyuki mzinga usio na mrithi wala wa kumfanya mrithi. Mzinga huo utakufa. Basi ndugu yangu unayerina, tumia moshi, chukua masega ya asali, na sega la majana liache mahali pake. Nawe mnunuzi wa Darajani, kabla hujauliza bei, muulize muuzaji asali yake imerinwaje.