Kusoma Kabla ya Kufuta

Katika Kihesa, kata ya mji wa Iringa iliyojaa wanafunzi kwa sababu ya Chuo Kikuu cha Iringa kilichoko huko, kompyuta ya mezani inapogoma kuwaka dawa yake ya kwanza, na aghalabu ya mwisho, ni moja: hupelekwa kwa fundi, fundi akafuta yote yaliyomo, akapiga window upya, na mwenyewe akarudishiwa mashine nyepesi na safi, isiyo na barua hata moja wala picha ya arusi ya dada yake. Desturi hii ina udhuru kidogo katika mfumo ule uliozoeleka, ambao huyaficha mambo yake ya ndani na kumwachia fundi nafasi ndogo ya kuchungua; lakini imehamishwa pasipo kufikiriwa hadi kwenye mashine za steshenari na za wanafunzi zinazoendeshwa na Linux na jamaa zake wa ukoo wa Unix, na huko haina udhuru hata chembe. Mfumo wa ukoo huu huandika karibu kila jambo linaloupata, na fundi anayeufuta kabla ya kusoma maandishi hayo ameuchoma ushahidi kabla ya kesi kusikilizwa.

Unix ilizaliwa mwaka 1969 katika maabara za Bell huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, na tangu ujana wake ilishika kanuni kwamba karibu kila kitu ndani yake kionekane kama faili, na kwamba mipangilio yake iandikwe kwa maneno yasomekayo na binadamu. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi katika mji wa Helsinki, Finland, ilirithi kanuni hizo. Kwetu ilifika kwa njia nyingi, na moja ilitoka Finland hiyohiyo: mwaka 2007 Chuo cha Tumaini cha Iringa, ambacho sasa ndicho Chuo Kikuu cha Iringa, kilianza kufundisha shahada ya teknolojia ya habari kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Joensuu, na mtaalamu wa kompyuta Matti Tedre pamoja na wenzake wakashika hoja kwamba mtaala ulioazimwa mzimamzima kutoka ng'ambo hautoshi, kwa kuwa anayefunzwa Iringa hana budi kufunzwa matatizo ya Iringa. Miaka mitatu kabla ya hapo mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umetoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi inayosema Kiswahili. Hoja ile ya matatizo ya mahali naiona kuwa ya haki kabisa, na ndiyo inayonipa mpango wa makala haya. Maana vitabu vya Ulaya vya kutunza Linux huanza na mambo ya mtandao na usalama, ilhali hapa asili ya maradhi mengi ni umeme.

Majira ya mvua ya nyanda za juu, yaanzayo kwenye Novemba na kwisha kwenye Aprili, huja na radi, na radi huja na giza. Na hata katika kiangazi umeme huweza kukatika na kurudi mara mbili kabla mtu hajainuka kitini. Sasa na itazamwe nini hutokea ndani ya mashine. Mtu akiandika barua na kuihifadhi hudhani imekwisha kufika kwenye diski. Walakini kerneli, ambayo ndiyo moyo wa mfumo, huiweka kwanza katika kumbukumbu ya muda, na programu isiposisitiza huweza kuichelewesha hapo hata nusu dakika, ili ikusanye kazi nyingi na kuziandika kwa safari moja. Umeme ukikatika katika nusu dakika hiyo, kilichokuwa njiani kimepotea, na kilichokuwa kimeandikwa nusu kimebaki nusu.

Mpangilio wa mafaili uitwao ext4, uliotangazwa kuwa tayari kwa matumizi ya watu wote mwaka 2008 na ambao hadi leo umo katika kompyuta nyingi za Linux, una kinga yake. Kama karani wa ghala aandikaye daftarini kwamba anahamisha magunia kabla hajayagusa, nao huandika mahali maalumu kila badiliko la muundo wa diski kabla ya kulitenda, na mashine iwakapo tena husoma daftari lile, ikatimiza yaliyoandikwa kwa ukamilifu na kuyaacha yaliyokatika njiani. Jambo hili lafaa lieleweke vema, kwa kuwa wengi hulitegemea kupita uwezo wake: daftari hilo, kwa desturi yake, hulinda muundo, yaani majina ya mafaili, mahali yalipo na vipimo vyake, wala haliahidi kuyalinda maneno yaliyomo. Mwanafunzi aliyekuwa akiandika tasnifu yake giza lilipoingia huweza kulikuta faili lake mahali pake, lenye jina lake, na ndani yake mna ukurasa wa juzi.

Mara nyingine daftari halitoshi, na mwenye mashine hukuta, badala ya picha aliyoizoea, kioo cheusi chenye neno initramfs ndani ya mabano, na alama ipepesayo ikimngoja aandike. Hapa ndipo mafundi wengi hushika diski ya kupigia mfumo upya. Lakini mashine haikufa. Imesimama kwa hadhari, ikikataa kufungua diski yenye dosari isije ikaiharibu zaidi, na ukisoma mistari iliyo juu ya neno lile aghalabu utaona imekwisha kutaja sehemu ya diski inayougua na kuagiza kwamba fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa mafaili, iendeshwe kwa mkono. Huandikwa fsck na jina la sehemu hiyo, mathalan /dev/sda1, maswali yakajibiwa kwa herufi y, kisha huandikwa exit, na mara nyingi mfumo huendelea na safari yake kana kwamba hapakuwa na neno. Sharti moja halivunjwi: fsck haiendeshwi kurekebisha sehemu ambayo imefunguliwa na inatumika, maana hapo tabibu na mgonjwa wote wanaandika juu ya karatasi moja kwa wakati mmoja, na madhara yake huzidi yale ya umeme.

Dosari zikirudi baada ya siku chache ilhali umeme haukukatika, shaka ihamie kwenye diski yenyewe. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa mijini mwetu zimekwisha kutumika ofisini miaka kadhaa huko ng'ambo kabla ya kupakiwa katika kontena, na diski zake za kuzunguka zimekwisha kula umri. Amri ya smartctl humwonyesha fundi taarifa ambazo diski hujiandikia yenyewe, na humo kipengele cha nambari 5 huhesabu vipande vilivyoharibika na kubadilishwa na vya akiba. Hesabu hiyo ikipanda wiki hata wiki, hapana tena haja ya kutengeneza, bali ya kuokoa. Na kuokoa kuna adabu yake: hutangulia ddrescue, programu inakiliyo diski nzima hadi nyingine kwa kuchukua kwanza yaliyo mazima na kuyaacha magumu mwisho, ndipo fsck ifanywe juu ya nakala. Anayeanza na fsck juu ya diski inayokata roho huiongezea mzigo wakati haina nguvu.

Kuna ugonjwa mwingine wa mashine za mtumba ambao hudharauliwa kwa udogo wake, nao ni betri ya saa. Juu ya ubao mkuu wa kompyuta mna betri bapa, aina ya CR2032, ipatikanayo hata kwa fundi wa saa za mkononi, na kazi yake ni kuiendesha saa ya mashine wakati umeme haupo. Ikifa, saa hurudi nyuma miaka mingi kila mashine inapokosa umeme. Basi mwenyewe huona vioja vitatu ambavyo hadhani kuwa ni vya baba mmoja: kivinjari hukataa tovuti za benki na za barua kwa kudai vyeti vyake havijaanza kutumika, masasisho ya programu hukataliwa kwa sababu orodha iliyotoka kwenye hazina ya programu inaonekana kuwa imeandikwa wakati ujao, na fsck, ikiona kwamba diski ilifunguliwa mara ya mwisho katika tarehe ambayo bado haijafika, huenda ikasimamisha mashine njiani na kudai ukaguzi. Huko ambako kompyuta imeunganishwa na mtandao mchana kutwa saa hujisahihisha yenyewe, na ndiyo maana vitabu havisemi sana juu yake. Lakini mashine inayoonja intaneti pale tu mwenyewe anapowasha simu na kuigawia kifurushi chake hukaa na tarehe ya uongo siku nyingi. Amri ya timedatectl hueleza saa ilivyo. Na kama kompyuta ina Linux na Windows pamoja, na saa inatofautiana kwa saa tatu kamili kila unapohama mfumo, betri haina kosa: Linux huiweka saa ya ubao kwa wakati wa dunia, Windows huiweka kwa wakati wa mahali, nasi tumeitangulia saa ya dunia kwa saa tatu.

Lalamiko linalonifikia mara nyingi kuliko yote ni la mtu aliyefungiwa mlangoni. Huandika neno lake la siri sawasawa, kioo huwa cheusi kitambo kidogo, kisha hurejeshwa palepale pa kuandika neno la siri, na hivyo daima. Aghalabu sababu ni diski kujaa: mazingira ya picha hutaka kuandika vijifaili vyake yanapoanza, yakikosa nafasi hurudi nyuma bila kusema neno, na ukimya huo nauhesabu kuwa ni aibu ya watungaji wake. Penye ukimya hushikwa Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja, likafunguka dirisha la amri lisilohitaji mapambo, na hapo df -h hudhihirisha ni sehemu gani imefika asilimia 100. Yafaa kujua kwamba ext4, isipoambiwa vingine, humwekea msimamizi mkuu akiba ya asilimia 5 ya nafasi, hivyo mtumiaji wa kawaida huishiwa ilhali msimamizi bado ana pa kukanyaga. Hufutwa kwanza visivyo na mwenyewe: mafungu ya programu yaliyokwisha kusimikwa, kwa apt clean; kerneli za zamani zilizorundikana katika /boot, kwa apt autoremove; na kumbukumbu za matukio zilizonenepa, kwa journalctl --vacuum-size=200M. Faili lisilojulikana lisifutwe kwa kubahatisha. Nafasi ikiwa tele na mlango bado umefungwa, hutazamwa ni nani mwenye mafaili ya nyumbani, maana aliyewahi kufungua programu ya picha kwa madaraka ya msimamizi huweza kuyaacha mafaili yake mwenyewe mikononi mwa root, yaani msimamizi mkuu, akakosa haki ndani ya nyumba yake.

Masasisho nayo hukatika katikati, kwa umeme au kwa kifurushi kuisha, na baada yake kila usimikaji hukataa. Mfumo wa ukoo wa Debian, ambao ndio utumiao amri za apt zilizotajwa, haufichi dawa: huitaja amri yenyewe, dpkg --configure -a, na linalosikitisha ni kwamba ujumbe huo hufungwa bila kusomwa. Mwenye mashine kadhaa, mathalan mwenye steshenari au mlezi wa maabara ya shule, asiipakulie kila moja peke yake. Na aipakulie mashine moja wakati wa usiku ambapo kifurushi ni rahisi, kwa kuongeza --download-only katika amri ya kusasisha ili mafungu yateremke pasipo kusimikwa; asubuhi, umeme ukiwa umetulia, ayanakili yaliyomo katika /var/cache/apt/archives kwa flashi hadi kwenye mashine nyingine za toleo lilelile, nazo zitasimika bila kugusa mtandao kwa sehemu kubwa ya kazi. Na achague matoleo ya muda mrefu, si mapya mapya yatokayo kila miezi sita. Mashine ya kuchapia barua za watu haina haja ya fahari.

Tumerudi kwenye umeme, kwa kuwa hapana budi. Kisanduku cha UPS, chenye betri ya kushika umeme unapokatika, hakimpi mtu usiku wa kazi, humpa dakika chache tu, nazo zatosha kuhifadhi na kuzima kwa taratibu iwapo mtu yuko kitini. Asipokuwapo, mashine huweza kujizima yenyewe kwa msaada wa programu huria ya NUT, ambayo hukisikiliza kisanduku na kuanza kuzima kinapotangaza kwamba chaji inakwisha; lakini lazima kuwe na waya wa kuyapeleka mazungumzo hayo, na visanduku vingi vya bei nafuu huuzwa bila njia hiyo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, kigeuzwe na kutazamwa mgongo wake kama kina tundu la USB, kisha iulizwe bei ya betri ya ndani, kwa kuwa betri hizo za risasi huchoka baada ya miaka michache, na kisanduku chenye betri iliyochoka huzimika pamoja na taa.