Kidonge kikikusumbua kilalamikie, usikitupe

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi. Nimeiandika ubaoni, nimewatuza wanafunzi walioitungia insha nzuri, na nimewapunguzia alama walioikosea. Hata hivyo, ilipofika zamu yangu mwenyewe ya kuitii, niliikaidi kwa muda wa miezi 5 mizima. Nayaandika haya, msomaji mpenzi, si kwa kutafuta huruma, bali kwa kuwa naamini kwamba katika vyumba vingi vya walimu, kuanzia Mlaleo hadi Bamburi, yupo mwenzangu ambaye vidonge vyake vya kisukari vimelala katika mtoto wa meza, havijaguswa, na hakuna ajuaye ila yeye na Mola wake.

Uchovu ndio ulionitangulia kunibishia hodi. Kipindi cha kwanza nilikifundisha nikiwa nimesimama wima, cha tatu nikiwa nimeegemea meza, na cha saba nikiwa kitini, nikiwaagiza wanafunzi wasome kimya. Usiku niliamka mara 3 au 4 kwenda haja ndogo, na kila nilipoamka nilikunywa maji kana kwamba nimetoka kupiga makasia hadi Lamu. Wenzangu walidhani ni uvivu. Mimi nilidhani ni umri. Nilipopimwa asubuhi kabla ya kula, sukari yangu ilikuwa milimoli 13.4 katika lita moja ya damu, ilhali kiwango cha milimoli 7 kwa mtu ambaye hajala tangu usiku, kikithibitishwa kwa kipimo cha pili, hutosha kumwita mgonjwa. Niliambiwa kuwa nina kisukari cha aina ya pili. Katika kituo hicho nilikabidhiwa pakiti ya vidonge na maneno machache: kimoja asubuhi, kimoja jioni, upunguze sukari. Dakika 2 hazikutimia, nikawa niko nje juani.

Hebu kwanza tuutazame huo uchovu, maana ndio unaodharauliwa kuliko dalili nyingine zote. Wali, muhogo na mahamri tulavyo huishia kuwa sukari katika damu. Insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, ndiyo inayoifungulia sukari hiyo milango ya seli za mwili ili igeuzwe nguvu. Katika kisukari cha aina ya pili, milango huwa mizito kufunguka, na kongosho nalo huelemewa na kazi. Mto unafurika, lakini mashamba yaliyo kando yake yanakauka. Figo nazo hujitahidi kuimwaga sukari iliyozidi pamoja na maji ya mwili. Hapo ndipo zinapotokea kiu, safari za usiku na usingizi uliokatikakatika. Basi mwalimu anayesinzia saa nane mchana huenda si mvivu hata kidogo. Huenda mwili wake una njaa ilhali tumbo limeshiba.

Tuje sasa kwenye kidonge chenyewe. Nilichopewa huitwa metformini, dawa ambayo katika nchi nyingi ndiyo wanayoanzishiwa wagonjwa wengi wa aina hii. Chimbuko lake ni uchunguzi wa kemikali za mmea uitwao Galega officinalis, ambao watu wa Ulaya waliutumia kama mtishamba kwa karne kadhaa. Daktari Mfaransa, Jean Sterne, ndiye aliyechapisha mwaka wa 1957 matokeo ya kuitumia kuwatibu wagonjwa wa kisukari. Nalitaja hili kwa sababu wapo wanaoikimbia dawa ya hospitali wakisema kuwa wao hutaka mitishamba tu. Tofauti iliyopo ni kwamba mtishamba huu umepimwa, ukajulikana kiasi chake, faida yake na udhia wake.

Naam, udhia unao. Si wachache wanaopatwa na kichefuchefu, tumbo kunguruma, kuhara, au ladha ya chuma mdomoni, hasa katika majuma ya mwanzo. Mimi tumbo lilinikamata katikati ya somo la ngeli, mbele ya kidato cha pili. Nilitoka mbio, chaki mkononi, na nyuma yangu nikasikia kicheko. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Siku ya tatu nilivitia vidonge katika mtoto wa meza, nikaufunga kwa ufunguo. Mke wangu aliponiuliza jioni, nilimjibu kuwa nimekwisha kumeza.

Uwongo huo ulipata msaidizi. Barazani, penye kahawa chungu na kashata, jirani mmoja alinishauri kwa nia njema kabisa: "Vidonge hivyo, mwalimu, vinaua figo. Namjua mtu alivianza, na leo yuko kwenye mashine." Nilimwamini, si kwa kuwa alileta hoja, bali kwa kuwa alinipa ruhusa niliyokuwa nikiitafuta.

Ukweli ni upi? Nchini Uingereza, kuanzia mwaka wa 1977, wataalamu waliwafuatilia wagonjwa 5,102 waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili. Matokeo yalipotangazwa mwaka wa 1998, ilidhihirika kuwa waliodhibitiwa sukari kwa makini zaidi walipungukiwa kwa robo na madhara ya mishipa midogo ya damu, ile inayolisha macho, figo na neva. Kwa hiyo, kinachoua figo ni sukari iliyoachwa itambe, hasa ikishirikiana na shinikizo la damu. Ni kweli kwamba mtu ambaye figo zake zimekwisha kudhoofika sana hupunguziwa au huachishwa metformini, na ndiyo maana daktari hupima figo mara kwa mara. Labda uvumi wa barazani ulianzia hapo: watu walimwona mgonjwa akiachishwa kidonge, wakamtuhumu aliyeachishwa kuwa ndiye mwuaji.

Baada ya miezi 5 nilikuwa nikisahihisha insha usiku, herufi zikaanza kucheza karatasini kama samaki wavuni. Nilifuta miwani, zikazidi kucheza. Asubuhi yake nilikwenda kliniki nyingine. Muuguzi wa makamo alinipima, akatikisa kichwa, kisha badala ya kunikaripia akaniuliza:

"Mwalimu, vidonge unavimeza vipi?"

"Alfajiri, mama, kabla ya chai, nisije nikasahau."

"Na tumbo?"

Nikanyamaza.

"Mwalimu, nimekuuliza tumbo."

Hapo nilimweleza yote: darasa, kicheko, ufunguo. Hakucheka, wala hakushangaa. Alinieleza kuwa kidonge hiki humezwa pamoja na chakula au mara baada ya kula, na kwamba kukimeza tumbo likiwa tupu ni kujitafutia ugomvi. Daktari naye alinianzisha upya kwa miligramu 500 mara moja kwa siku, baada ya chakula cha usiku, kisha akaniongeza taratibu. Aliniambia kuwa ikiwa tumbo litaendelea kukataa, kipo kidonge cha namna nyingine kinachoyeyuka polepole, na zipo dawa nyingine pia. Majuma 3 hayakupita, tumbo likatulia. Miezi 5 ya hatari, kwa jambo lililomalizwa kwa swali moja!

Hoja yangu basi ni hii: dawa ikikuudhi, ulalamike kwa aliyekupa, wala usiitupe kimyakimya. Mgonjwa anayelalamika humpa daktari kazi ya kufanya; anayenyamaza humdanganya. Daktari akiona sukari haishuki, naye hajui kuwa vidonge viko mezani, ataongeza dozi au ataongeza dawa ya pili. Siku mgonjwa atakapoamua kuvimeza vyote kwa pamoja, huenda akaanguka.

Na kuanguka huko si maneno ya kutishia. Wapo wanaopewa dawa za jamii nyingine, mathalani glibenklamidi, ambazo hulisukuma kongosho litoe insulini zaidi. Dawa hizi zinaweza kuishusha sukari kupita kiasi, hasa kwa mtu aliyeruka mlo. Mwalimu anayefundisha hadi saa nane bila kutia kitu mdomoni na ajihadhari. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio na akili kuvurugika. Wanafunzi, mkimwona mwalimu wenu katika hali hiyo naye anaweza kumeza, mpeni maji yaliyokorogwa vijiko vidogo 3 vya sukari, msubiri dakika 15, na asipopata nafuu mrudie. Akiwa amezimia, msimtie kitu chochote kinywani, mkimbizeni hospitali.

Katika mitaa yetu yenye Waislamu wengi, jambo hili lina uzito wa pekee mwezi wa Ramadhani. Dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, lakini wengi huona haya kuitumia. Anayetaka kufunga na amwone daktari kabla ya mwezi kuandama, ili saa na kiasi cha dawa vibadilishwe vifuate daku na futari. Na sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9, wataalamu wanashauri mtu afungue papo hapo, hata kama magharibi imebakia dakika chache.

Limebaki la tatu, nalo ni hofu. Uchovu huonekana, tumbo husikika, lakini hofu hukaa na mtu gizani. Usiku nilihesabu jamaa waliokatwa miguu na waliopofuka. Kila ganzi ya kidole niliiona kuwa mwanzo wa mwisho. Nilipokula kaimati moja nilijiona mhalifu. Nilipoogopa kupima nilijiona mwoga. Nilidhani ni udhaifu wangu peke yangu, hadi niliposoma kuwa mwaka wa 1995 mwanasaikolojia wa Marekani, William Polonsky, na wenzake walichapisha orodha ya maswali 20 ya kuupima mzigo wa moyo anaoubeba mwenye kisukari. Naam, hali hiyo inajulikana, ina kipimo, na si wazimu. Isitoshe, hofu yenyewe huuamsha mwili utoe homoni zinazopandisha sukari. Kwa hivyo kuutuliza moyo ni sehemu ya tiba wala si anasa.

Kilichonisaidia hakikuwa kikubwa. Kwanza, nilimwambia mke wangu ukweli kuhusu ufunguo. Alikasirika siku moja, kisha akawa mlinzi wangu. Pili, nilinunua daftari la kurasa chache. Upande mmoja naandika vipimo, na upande wa pili naandika maswali ya kumwuliza daktari, kwa sababu hofu iliyoandikwa hupungua ukali. Tatu, natembea kwa nusu saa jioni, na siku za mapumziko huenda ufuo wa Jomo Kenyatta, mchanga ukiwa mgumu maji yakipwa, nikiwa nimevaa viatu ili nisijikate unyayo. Sikuacha mahamri kabisa. Nala moja badala ya matatu, pamoja na mbaazi. Kahawa yangu imebaki chungu, bila kashata. Najua si kila mtu ana uwezo wa kununua kifaa cha kupimia sukari nyumbani, lakini kipo kipimo cha kliniki kiitwacho HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, nacho hutosha kumwonyesha mtu kama anapanda au anashuka.

Uchovu wangu umepungua, haujaisha. Ukiendelea, ni haki yako kuuliza sababu, kwani si kila uchovu hutokana na sukari. Metformini ikitumiwa kwa miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini, jambo linaloleta uchovu na ganzi, na lina kipimo na tiba yake. Vilevile, mtu akikaa majuma 2 akiwa na huzuni isiyoondoka, hana hamu na chochote, asiseme ni sukari tu. Amweleze daktari, kwani sonona huwapata wenye kisukari zaidi kuliko watu wengine.

Nawageukia sasa walimu wakuu: mwalimu akiomba ruhusa ya kwenda kliniki, msimtazame kama mtoro. Nanyi walimu wenzangu, kabla hamjamwita mwenzenu mvivu kwenye chumba chenu, kumbukeni kipindi changu cha saba. Nanyi wanafunzi ambao baba au mama amepatikana na ugonjwa huu, msiwe askari wa kumnyang'anya andazi mkononi mbele ya wageni. Kaeni naye baada ya chakula cha usiku, mumwulize kwa adabu yale maswali mawili aliyoniuliza yule muuguzi: vidonge anavimeza vipi, na tumbo linasemaje. Kisha msubiri jibu. Akinyamaza, ulizeni tena.