Hatari ya kuzoea dawa ya kupachika

Huenda wewe ni mmoja wa wale ambao hawatoki nyumbani asubuhi bila kwanza kujipachika kidonge cha kulainisha choo. Pengine ulianza ulipotoka kujifungua, au baada ya upasuaji, daktari alipokuandikia vichache. Vilikusaidia. Ukanunua vingine dukani kwa kuwa havihitaji cheti cha daktari, na sasa miezi imepita.

Vidonge hivi ni vya aina mbili hasa. Vya gliserini huvuta maji hadi ndani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, na kuichokoza kidogo. Vya bisakodili, ambavyo mtu mzima hutumia cha miligramu 10, huamsha neva za utumbo ili misuli isukume kinyesi. Vyote hufanya kazi kati ya dakika 15 na saa moja. Havifai kutumiwa zaidi ya juma moja bila ushauri wa daktari.

Mtego wenyewe uko hapa. Utumbo uliosafishwa kwa dawa huchukua siku mbili au tatu kujaa tena. Katika siku hizo huna haja, wala hupaswi kuwa nayo. Lakini wewe waona choo kimefunga tena, ukajipachika kingine. Wengi husema utumbo "umezoea dawa", kumbe haujapewa nafasi. Isitoshe, si lazima mtu aende choo kila siku. Kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki ni hali ya kawaida, mradi choo si kigumu.

Ukiendelea, utando wa ndani ya puru huwashwa na kufura, ukaanza kuona kamasi au hata damu. Tumbo husokota. Anayeharisha mara kwa mara kwa sababu ya dawa hupoteza maji na madini ya potasiamu, misuli ikalegea na moyo ukapiga ovyo ovyo. Mzee anayemeza dawa za kukojoza kwa ajili ya shinikizo la damu yumo hatarini zaidi, maana nyingi ya hizo pia hupunguza potasiamu.

Lakini ubaya mkubwa ni kuwa dawa huficha chanzo. Huenda chanzo ni vidonge vya madini ya chuma anavyopewa mja mzito, au dawa za maumivu zenye kodeini. Huenda ni tezi ya shingoni iliyozembea. Kwa mkazi wa mjini, mara nyingi ni mambo madogo: kurauka kuwahi matatu bila kunywa chai, kushinda umeketi, kula chipsi mchana, na kujizuia kwa kuwa vyoo vya kazini havitamaniki. Haja ikizuiwa mara nyingi, puru hupunguza kukukumbusha.

Ili kuacha, kunywa maji ya kutosha, na uongeze polepole sukuma wiki, maharagwe, githeri, uji wa wimbi na mapapai. Keti chooni dakika chache baada ya kiamshakinywa, wakati utumbo huamka wenyewe. Kama choo ni cha kukalia, weka miguu juu ya kigoda kifupi. Vumilia zile siku mbili tatu za kwanza. Ukishindwa, zipo dawa za kunywa zinazofanya choo kiwe laini bila kuchokoza puru, daktari atakuchagulia.

Usijipachike chochote ikiwa tumbo lauma ghafla, limefura, unatapika au hewa haitoki, kwani huenda utumbo umeziba au kidole tumbo kimefura. Nenda hospitali mara moja. Damu chooni, kukonda bila sababu, au choo kubadilika baada ya umri wa miaka 40 pia ni mambo ya kuchunguzwa mapema, wala usikimbilie kusema ni bawasiri. Na mtoto mchanga asipachikwe kidonge cha mtu mzima, hata kikikatwa nusu, kabla hajaonwa na daktari.