Mkanda wa Jeshi: Tuzitambue Dalili Zake Mapema

Nilipofika kwetu likizo ya Juni nilimkuta bibi yangu analalamika maumivu ya ubavu wa kushoto. Alisema ngozi yamwunguza kama iliyomwagiwa maji ya moto, na hata khanga ikimgusa alishtuka. Tulipotazama hatukuona kitu. Mimi nikamwambia, "Bibi, ni zile kuni ulizobeba," nikamkanda kwa maji ya uvuguvugu.

Siku ya tatu vilitokea vipele vyekundu, kisha vikajaa maji. Jirani akasema ni mkanda wa jeshi, na kwamba ncha zake zikikutana mgonjwa hufa. Tukampaka majani yaliyopondwa. Tulipofika zahanati, siku sita zilikuwa zimepita tangu vipele kutokea. Daktari alisikitika, akasema tumechelewa.

Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa Biolojia, naye akanieleza hivi. Ugonjwa huu huletwa na virusi vile vile vya tetekuwanga. Mtu akipona tetekuwanga, virusi havitoki mwilini, bali hujificha katika mizizi ya mishipa ya fahamu karibu na uti wa mgongo. Huweza kulala humo miaka mingi. Kinga ya mwili ikipungua, kwa uzee au kwa maradhi, huamka na kuufuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi. Kwa kuwa kila mshipa huhudumia upande mmoja tu, vipele kwa kawaida havivuki katikati ya mwili. Basi habari ya ncha kukutana isitutishe.

Dalili za kwanza ni hizi: maumivu, kuwasha au kuchoma mahali pamoja, upande mmoja wa mwili, siku chache kabla ya kipele chochote kuonekana. Pengine huja na homa kidogo, uchovu na kuumwa kichwa. Kisha hutokea vipele vilivyojipanga kama mkanda, kifuani, mgongoni, shingoni au usoni. Vikitokea karibu na jicho au puani, mgonjwa apelekwe hospitali siku ile ile, maana aweza kupoteza uwezo wa kuona.

Dawa ipo, nayo ni vidonge vya asiklova. Hufaa zaidi ikianzwa kabla ya saa 72 kupita tangu vipele kutokea. Mgonjwa afunike vipele, asivikune, na akae mbali na watoto wachanga na wajawazito, kwani maji yake huweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua.

Wengine huficha ugonjwa huu wakiogopa kusemwa kuwa wana UKIMWI. Ni kweli kwamba wenye virusi vya UKIMWI hupatwa zaidi, na ni vyema kupima. Lakini bibi yangu alipimwa, hakuwa navyo. Mzee yeyote aliyepata tetekuwanga utotoni aweza kuugua, na hata kijana.

Vipele vya bibi vimekauka, lakini maumivu hayajaisha. Baba ameniambia kwamba usiku bado halali vizuri. Kwa hiyo nawaomba, wenzangu na wazazi wetu: mtu akisema ngozi yamwunguza upande mmoja na hamwoni kitu, msimcheke wala msisingizie kuni. Itazameni ngozi yake kila siku, na kipele cha kwanza kikitokea, mpelekeni zahanati.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne