Vidonge vya Nguvu za Kiume: Je, Vyaweza Kurefusha Maisha?

Kuna swali ambalo mgonjwa huliuliza akiwa amekwisha kushika kitasa cha mlango. Amepimwa shinikizo la damu, ameandikiwa dawa zake za mwezi, ameaga, kisha hugeuka, hushusha sauti na kusema: "Samahani daktari, na vile vidonge vya nguvu za kiume, nikivitumia si vibaya?" Siku hizi swali hilo limeongezewa jingine: "Nasikia vinarefusha maisha. Ni kweli?"

Jambo hilo si uzushi wa vijiweni. Katika miaka ya karibuni watafiti wa Uingereza, Sweden na Marekani wamechapisha matokeo yanayoonesha kwamba wanaume wanaotumia dawa hizo hufariki kwa kiwango cha chini kuliko wenzao wasiozitumia. Hata hivyo, dawa hizohizo zaweza kumuua mtu katika muda wa saa chache iwapo zitakutana mwilini na dawa nyingine isiyopatana nazo. Makala haya yanakusudia kueleza pande zote mbili, ili mgonjwa ajue la kuuliza na mhudumu wa afya ajue la kujibu.

Dawa iliyotafutwa kwa ajili ya moyo

Sildenafili, ambayo wengi waijua kwa jina la Viagra, haikubuniwa kwa ajili ya tendo la ndoa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, wanasayansi wa kampuni ya Pfizer katika mji wa Sandwich, kusini-mashariki mwa Uingereza, walikuwa wakitafuta dawa ya shinikizo la damu na ya maumivu ya kifua yatokanayo na ufinyu wa mishipa ya moyo. Majaribio ya mwanzo yalipofanyika, faida kwa moyo ilionekana kuwa haba. Lakini baadhi ya wanaume walioshiriki walieleza kwamba uume wao ulikuwa ukisimama kwa urahisi zaidi. Utafiti ukabadilishwa mwelekeo, na mwezi Machi 1998 dawa hiyo ikaidhinishwa nchini Marekani. Tadalafili na vardenafili ziliidhinishwa nchini humo mwaka 2003.

Namna zinavyofanya kazi yafaa ieleweke, kwa sababu faida na hatari zake zote huanzia hapo. Mwanaume anapopata ashiki, neva za uume na utando wa ndani wa mishipa ya damu hutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki. Gesi hiyo huongeza kemikali ya cGMP, ambayo hulegeza misuli ya kuta za mishipa. Mishipa hupanuka, damu huingia kwa wingi, na uume husimama. Kimeng'enya kiitwacho PDE5 ndicho kinachoivunja kemikali hiyo na kuurejesha mwili katika hali yake ya kawaida. Dawa hizi hukizuia kimeng'enya hicho. Kwa hiyo hazileti ashiki. Hudumisha tu kile ambacho mwili umekwisha kukianzisha.

PDE5 haipo kwenye uume peke yake. Ipo mapafuni na katika mishipa mingine ya damu. Ndiyo maana mwaka 2005 sildenafili iliidhinishwa nchini Marekani kutibu shinikizo kubwa katika ateri za mapafu, ugonjwa unaowapata wanawake pia. Tadalafili nayo hutumika kupunguza dalili za kukua kwa tezi dume. Basi wazo kwamba dawa hizi zaweza kuunufaisha moyo lina msingi wa kisayansi. Lililobaki ni kujua kama ushahidi umelithibitisha.

Tafiti zimeonesha nini

Mwaka 2016, watafiti wa Uingereza walitoa taarifa ya wanaume karibu 6,000 wenye kisukari cha aina ya pili, wa umri kati ya miaka 40 na 89, waliofuatiliwa kwa takriban miaka saba. Miongoni mwa waliokuwa wakiandikiwa dawa hizi, asilimia 19.1 walifariki, miongoni mwa wasioandikiwa, asilimia 23.8.

Mwaka 2021 wenzao wa Sweden waliwalinganisha wanaume wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, wote wakiwa na upungufu wa nguvu za kiume. Kundi la wanaume 16,548 lilitumia vidonge, na kundi la wanaume 1,994 lilitumia alprostadili, dawa ambayo huwekwa moja kwa moja kwenye uume. Katika kipindi cha karibu miaka sita, asilimia 14 ya waliotumia vidonge walifariki, ikilinganishwa na asilimia 26 ya kundi la pili.

Ubongo nao umechunguzwa. Utafiti uliotoka mwaka 2024, uliohusisha wanaume zaidi ya 260,000 wa Uingereza, ulikuta kwamba waliotumia dawa hizi walipata ugonjwa wa Alzheimer kwa kiwango cha chini kwa asilimia 18. Lakini utafiti mwingine wa Marekani, uliowaangalia wagonjwa wa shinikizo la ateri za mapafu wanaotumia dawa hizo kila siku, haukuona tofauti yoyote.

Namba zinavyoweza kumpoteza msomaji

Msomaji atazame tena namba za Sweden. Tofauti ya asilimia 14 na 26 ni kubwa mno. Mtu angeweza kusema kwamba kidonge hupunguza vifo karibu nusu. Lakini watafiti wenyewe walipozingatia umri, maradhi mengine na hali za washiriki, pengo hilo lilipungua hadi kufikia upungufu wa asilimia 12 tu. Sehemu kubwa ya tofauti ya awali haikutoka kwenye dawa. Ilitoka kwa watu waliopewa dawa.

Mwanaume anayemwomba daktari vidonge hivi kwa kawaida ni mtu ambaye bado ana nguvu za kutembea, ana mwenzi, na ana hamu ya kuishi. Daktari naye humnyima yule ambaye moyo wake umedhoofika sana. Aidha, ili mtu ahesabiwe kuwa mtumiaji wa muda mrefu, sharti awe ameishi muda wa kutosha kurudi kuchukua dawa mara nyingi. Aliyefariki mapema huangukia kundi la wasiotumia. Takwimu hujitahidi kuyasawazisha mambo haya, lakini haziwezi kuyamaliza yote.

Njia ya kuondoa shaka ni kuwagawa washiriki kwa bahati nasibu, nusu wapewe dawa, na nusu wapewe kidonge kisicho na dawa ndani, kisha wafuatiliwe kwa miaka. Hakuna jaribio kubwa la namna hiyo lililothibitisha kwamba dawa hizi hurefusha maisha. Kwa hiyo jibu la haki kwa mgonjwa ni hili: inawezekana, bali haijathibitishwa, na hakuna sababu ya mtu mwenye nguvu zake kumeza vidonge hivi kwa kutafuta umri mrefu.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi moja kwa moja. Wanaume wa tafiti hizo walipewa dawa kwa cheti. Walipimwa, wakaulizwa dawa nyingine wanazotumia, na waliokuwa katika hatari wakazuiwa. Mwanaume anayenunua kidonge kwa kificho jioni, bila kuulizwa lolote, hayumo katika takwimu hizo. Hawezi kudai faida yao ilhali hakupita katika mlango walioupitia.

Uume huonya kabla ya moyo

Faida ya hakika zaidi huenda haimo katika kidonge, bali katika mazungumzo yanayotangulia kidonge. Ateri za uume zina upana wa milimita 1 hadi 2, na zile za moyo milimita 3 hadi 4. Mafuta na makovu yanapoanza kuziba mishipa ya mwili, mishipa myembamba ndiyo huonesha dalili kwanza. Kwa wanaume wengi, upungufu wa nguvu za kiume hutangulia dalili za ugonjwa wa moyo kwa miaka miwili hadi mitano.

Muda huo ni hazina. Mwanaume wa miaka 45 anayekuja na tatizo hili anastahili kupimwa shinikizo la damu, sukari na lehemu, kuulizwa kuhusu sigara, pombe, uzito, usingizi na msongo wa mawazo, na kuangaliwa dawa anazotumia, kwa kuwa baadhi ya dawa za shinikizo la damu na za sonona hupunguza nguvu hizo. Akipewa kidonge tu na kuruhusiwa kwenda, dalili itakuwa imenyamazishwa na ugonjwa ukaachwa uendelee.

Mahali dawa inapogeuka sumu

Hatari kubwa kuliko zote ni kuchanganya vidonge hivi na dawa za naitreti, yaani nitroglisarini inayowekwa chini ya ulimi, isosorbidi na jamii yake, ambazo hutolewa kwa maumivu ya kifua. Naitreti huongeza oksidi ya nitriki. Vidonge huzuia cGMP isivunjwe. Zikikutana, mishipa hupanuka kupita kiasi, shinikizo la damu huporomoka, na moyo wenyewe hukosa damu. Naitreti haifai kutolewa kabla ya saa 24 kupita tangu mgonjwa ameze sildenafili, au saa 48 tangu ameze tadalafili, ambayo hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2024, uliohusu wanaume waliokuwa wakiandikiwa naitreti, ulikuta kwamba waliopewa pia vidonge vya nguvu za kiume walikuwa na kiwango cha vifo kilicho juu kwa takriban asilimia 39.

Wanaotumia dawa za kufubaza VVU zenye ritonaviri nao wajihadhari. Ritonaviri huzuia ini kuivunja sildenafili, na kiasi chake katika damu chaweza kuongezeka mara 11. Mgonjwa wa namna hiyo hapaswi kuzidisha miligramu 25 katika saa 48. Ketokonazoli na eritromaisini huleta athari ya namna hiyo kwa kiwango kidogo zaidi. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume: huiondoa dawa upesi, na mgonjwa akidhani haifanyi kazi huongeza vidonge. Dawa za tezi dume kama tamsulosini, zikichanganywa na vidonge hivi, zaweza kumwangusha mtu kwa kizunguzungu anaposimama.

Wenye selimundu wanahitaji uangalifu wa pekee. Mwaka 2009 jaribio la sildenafili kwa wagonjwa hao nchini Marekani lilisimamishwa mapema, kwa kuwa waliopewa dawa walipata vipindi vya maumivu makali zaidi kuliko wenzao. Wao pia wana hatari kubwa zaidi ya uume kusimama bila kulala. Kwa mtu yeyote, hali hiyo ikizidi saa nne ni dharura. Akichelewa, misuli ya uume huharibika daima. Kupoteza ghafla uwezo wa kuona au kusikia hutokea kwa nadra, nako kunahitaji hospitali siku hiyohiyo. Maumivu ya kichwa, uso kuwaka, pua kuziba na kiungulia ni mambo ya kawaida na hupita.

Kilichomo ndani ya unga

Wapo wanaokwepa vidonge wakasema wao hutumia "vya asili": mizizi, vumbi la Kongo, asali iliyochanganywa. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimepima bidhaa zinazouzwa kama mitishamba na kukuta sildenafili au tadalafili ndani yake, bila kipimo maalumu na bila kutajwa kwenye lebo. Mgonjwa wa moyo anayeamini kwamba amelamba unga wa mizizi huenda amemeza dawa ileile aliyokatazwa.

Yaliyotokea Singapore mwaka 2008 yanatosha kuwa funzo. Katika muda wa miezi mitano, watu 150 wasio na kisukari walilazwa kwa kushuka sana kwa sukari mwilini. Uchunguzi ulikuta kwamba dawa haramu za nguvu za kiume, zikiwamo vidonge bandia, zilikuwa na glibenklamidi, dawa ya kisukari. Wagonjwa wanne walifariki.

La kufanya

Kwa mhudumu wa afya: usingoje mgonjwa akuulize. Mwanaume mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo aulizwe kuhusu nguvu za kiume kama anavyoulizwa kuhusu miguu na macho yake, tena faraghani. Anayeletwa na maumivu ya kifua aulizwe, kabla ya kuwekewa naitreti chini ya ulimi: "Katika siku mbili zilizopita umetumia kidonge, unga au kinywaji chochote cha nguvu za kiume?" Ndugu waombwe watoke kwanza, mzee wa watu hatakubali jambo hilo mbele ya mkewe au wanawe. Muuza dawa naye aulize maswali hayo kabla ya kupokea fedha.

Kwa mgonjwa: ikiwa waweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila maumivu ya kifua, na hutumii naitreti, huenda daktari akaona kwamba vidonge hivi vinakufaa, navyo vina historia ndefu ya usalama vikitumiwa kwa kipimo. Anza na kipimo ulichoandikiwa, usirudie siku hiyohiyo, usichanganye na pombe nyingi. Kifua kikikubana wakati wa tendo, acha, nenda hospitali, na useme ulichokimeza na saa uliyokimeza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Katika jambo hili, kilio chaweza kuja usiku uleule.

Ama swali la umri mrefu, yaliyothibitika kuurefusha ni yaleyale: kuacha sigara, kutembea kila siku, kudhibiti shinikizo na sukari, na kunywa dawa bila kuruka siku. Hayohayo huimarisha pia nguvu za kiume. Basi anayeliuliza swali lake akiwa mlangoni arudishwe kitini, na mlango ufungwe. Huenda dakika kumi zitakazofuata zikampa miaka ambayo kidonge peke yake hakiwezi kumwahidi.