Anahudumia mvinyo asiouonja

Wazazi wengi wa Mangapwani wana kijana anayefanya kazi hotelini, iwe Nungwi, Kendwa au Kiwengwa, ambako wageni wa Kiitaliano hawakosekani. Zipo nyumba zisizotaka kabisa mtoto wao ashike chupa ya ulevi, na hilo ni la wenyewe kuamua. Lakini aliyekwisha kuikubali kazi lazima aijue, hasa mvinyo mwekundu wa kuwekwa miaka. Chupa yake ni ya bei, na ikiharibika lawama humwangukia yeye.

Chukua Brunello ya Montalcino, mkoa wa Tuscany. Sifa zake zilianzia shambani kwa familia ya Biondi Santi, iliyotia kwenye chupa mavuno ya 1888. Hutengenezwa kwa zabibu za Sangiovese peke yake, na sheria ya Italia hairuhusu iuzwe kabla ya Januari ya mwaka wa tano baada ya kuvunwa. Miaka 2 kati ya hiyo lazima ikae kwenye mapipa ya mbao. Aliyerithi mikarafuu haoni ajabu. Naye hupanda mche akangoja miaka 6 au zaidi, na anayechuma sana mara nyingi ni mjukuu.

Mvinyo huu ukiwa mchanga una ukakasi, kama ule wa bibo unaokaza ulimi. Miaka ikipita ukakasi hulainika, wekundu huelekea rangi ya tofali, na mashapo hutuama chini.

Adui yake hapa kwetu ni joto. Pishi la Tuscany huwa na nyuzi 12 hadi 15. Stoo ya Unguja mwezi wa Januari hupita 30. Hapo mvinyo huzeeka mbio, kama uliopikwa, na kizibo huweza kusukumwa juu. Kazi ya miaka mitano huharibika kwa wiki chache. Chupa ilazwe ubavu ili kizibo kisikauke, penye giza na ubaridi usiobadilikabadilika, mbali na jiko.

Vitabu vya hoteli husema mvinyo mwekundu uhudumiwe kwa joto la chumbani. Chumba hicho ni cha Ulaya, si chetu! Nyuzi 16 hadi 18 zatosha, kwa hiyo chupa iliyokaa nje iingie frijini kwanza.

Na kuonja? Si kazi yake. Anayeonja mezani ni mgeni mwenyewe. Kijana ana macho na pua: harufu ya kadibodi iliyolowa ni ya kizibo kibovu, na ya siki anaijua tangu jikoni kwa mama. Chupa kuukuu aisimamishe tangu jana yake, kisha amimine taratibu kwenye jagi la kioo, taa ikiwa nyuma ya shingo ya chupa, aache mara aonapo mashapo yanakuja. Kizibo kikimkatikia ndani, amwambie mgeni kabla ya kumimina.